Kipimo cha kushindiliwa: barua ya mzee wa kanisa anayenunua viazi kwa lumbesa

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mkazi wa mkoa wa Njombe, nina mke na watoto wanne. Kwa miaka 16 nimekuwa nikinunua viazi mviringo mashambani na kuvipeleka Dar es Salaam. Nilianza kwa kukodi nafasi kwenye magari ya watu, na sasa nina Fuso langu mwenyewe, ingawa benki bado inanidai marejesho ya miezi 14. Katika usharika wetu mimi ni mzee wa kanisa, na tangu mwaka jana ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mabati ya upande mmoja wa paa nimeyatoa mimi. Sikuambii haya kwa kujisifu. Ndiyo hasa yanayoninyima usingizi.

Huenda wasomaji wako wa mjini wanaona magunia ya lumbesa yakipita barabarani bila kujua yanavyotengenezwa. Gunia la kawaida, likishonwa mdomo, linaingia debe sita na uzito wake unakaribia kilo 100. Sisi wanunuzi hatushoni mdomo. Vijana wanalijaza, wanalisukasuka na kulipiga chini ili viazi vikae, wanaongeza, wanashindilia tena, kisha wanapandisha kilemba juu yake na kukifuma kwa kamba na kipande cha gunia jingine. Linaingia debe nane, na uzito unafika kilo 130 au 140. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mimi nikifika mjini ninauza kwa kilo.

Mwaka huu, siku ya Sikukuu ya Mavuno, mhubiri alisoma Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Aliyaeleza maneno hayo kama ahadi kwa watoaji, na watu wakaitikia Amina. Mimi nilikuwa nawaona vijana wangu shambani. Kushindilia na kusukasuka ndiyo kazi ninayowalipa.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa mazao kama kawaida. Mama mmoja mjane, ambaye viazi vyake nimevinunua kwa miaka mingi, alikuwa ameleta debe moja. Nilishindana na wenzangu mpaka nikalichukua kwa shilingi 50,000, na vigelegele vikapigwa. Tulipokuwa tunatoka alinipa mkono, akacheka, akasema, "Mzee, leo debe moja umelilipa elfu hamsini! Kule shambani la saba na la nane huwa unayachukua bure." Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika.

Usiku ule nilichukua daftari. Fuso langu linabeba magunia 70. Nikiweka kilo 35 za ziada kwa kila gunia, ni kilo 2,450 kwa safari moja ambazo sikuzilipia. Nikaanza kuzidisha kwa safari za mwaka, na kabla sijafika kwenye miaka 16 nikalifunga daftari.

Nimesoma habari za Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, mara nyingi tangu siku ile. Yeye alirudisha mara nne. Mimi nikirudisha hata mara moja tu, gari litauzwa, nyumba itafuata, na mtoto wangu aliye mwaka wa pili chuoni atarudi nyumbani. Tena nitamrudishia nani? Wengine wamekufa, wengine wamehama, wengine sikuwahi kuyajua majina yao kwa sababu nilinunua kupitia dalali.

Nilijaribu kubadilika. Mwezi uliopita nilipeleka mizani shambani. Makuli walicheka, dalali akawaambia wakulima kwamba nimetumwa na serikali, na mkulima mmoja akakataa kabisa akidhani kwamba mizani ni mbinu mpya ya kumpunja. Mwenzangu aliyekuja nyuma yangu akanunua shamba lote kwa lumbesa. Gari langu lilishuka Dar es Salaam likiwa nusu, na fedha za safari hiyo hazikutosha marejesho ya mwezi.

Mke wangu anasema nisijisumbue. Anasema hakuna mkulima niliyemlazimisha, bei tunapatana, wote wanapima hivyo, na nikiacha mimi mkulima hatapata nafuu yoyote kwa sababu atanunuliwa na mwingine vilevile. Anasema pia kwamba mimi ndiye ninayetubu lakini yeye na watoto ndio watakaolala njaa. Sina jibu la kumpa.

Naomba unisaidie, Mama. Je, Injili inanitaka niiache biashara hii? Je, lazima nirudishe, na kwa hesabu gani? Je, niungame mbele ya usharika, au niache uzee wa kanisa kimyakimya? Kila Jumapili ninaposhika kikapu cha sadaka naona kama mikono yangu inanuka viazi.

Mnunuzi wa viazi, Njombe

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kabla ya kushika kalamu, na sehemu niliyoirudia zaidi ni ile ya daftari. Mtu aliyelifunga kabla ya kufika mwisho wa hesabu ni mtu ambaye tayari anajua kwamba hesabu ipo. Wengi hawalifungui kabisa.

Nikikuelewa vizuri, umenitumia maswali matatu katika gunia moja, na yameshindiliwa hasa: lile la biashara yenyewe, lile la deni la miaka 16, na lile la nafasi yako mbele ya watu wa usharika. Katikati yake umelifumia jingine ambalo hukuliuliza waziwazi, nalo ni namna ya kuishi na mke ambaye haoni unachokiona. Naomba tuyatoe moja moja, kwa maana yakikaa pamoja yanakuwa mazito kupita uwezo wa mtu yeyote kuyabeba, na mtu aliyelemewa namna hiyo mara nyingi hufanya jambo moja kubwa la ghafla ambalo baadaye analijutia, au hafanyi lolote.

Kabla ya hapo nikuambie nisichoweza kukufanyia. Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, naye akajibu, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Kama yeye alikataa kazi hiyo, sioni namna ya kuipokea mimi. Ninaloweza ni kukaa nawe na kulisoma lile neno lililokuchoma.

Tuanze nalo. Mhubiri wenu alilieleza kama ahadi kwa mtoaji, na hakukosea, ila picha iliyomo ndani yake ni ya soko la nafaka. Anayepima anajaza, anashindilia, anasukasuka, anaongeza mpaka inamwagika, kisha anaimimina kifuani, yaani kwenye pindo la vazi ambalo watu wa siku zile walilikunja kama mfuko. Tazama ni nani anayeshindilia. Ni yule anayetoa, naye anafanya hivyo kwa faida ya anayepokea. Katika lumbesa matendo ni yaleyale, na hata maneno ya kuyaelezea ni yaleyale, lakini mikono imebadilishana nafasi: anayepokea ndiye anayejishindilia mwenyewe. Nadhani ndiyo maana neno hilo lilikuchoma kuliko mahubiri kumi juu ya wizi. Ulikiona kipimo cha ukarimu kikitumika kinyumenyume.

Lakini usiliache bila kutazama mstari uliolitangulia, ambao mara nyingi hausomwi siku za mavuno. Mstari wa 37 unasema, "Msihukumu, nanyi hamtahukumiwa," kisha unaendelea, "achilieni, nanyi mtaachiliwa." Kipimo kinachotajwa hapo kinapima pia namna tunavyowaangalia wenzetu. Wewe sasa umeanza kujipima kwa kipimo cha kushindiliwa, na ninahofia kwamba kesho utampima hivyo mkeo, dalali wako na yule mwenzako aliyenunua shamba lote nyuma yako. Hilo nalo Luka amelikataza, katika pumzi ileile.

Umesoma habari za Zakayo mara nyingi. Umewasoma na wenzake? Luka anawaonyesha watoza ushuru mahali pengi, na hawafanyi jambo moja. Kuna wale waliomwendea Yohana Mbatizaji, katika sura ya 3, wakamwuliza, "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Jibu lake linashangaza kwa ufupi: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Hakuwaambia waache kazi, ingawa kazi yenyewe ilichukiwa na kila mtu. Kuna Lawi, katika sura ya 5, ambaye aliitwa akiwa ameketi forodhani, akaacha vyote, akaondoka. Kuna yule wa mfano wa sura ya 18, aliyesimama mbali hekaluni, akajipiga kifua na kusema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," naye akashuka nyumbani kwake amehesabiwa haki, na Luka hatuambii kesho yake aliamkia wapi. Ndipo anakuja Zakayo wa Yeriko, katika sura ya 19, ambaye Luka hasemi kwamba aliacha kazi wala kwamba alibaki, ila aliahidi nusu ya mali kwa maskini na marejesho mara nne.

Sikutajii hawa ili uchague aliye rahisi kuliko wote. Nawataja kwa sababu unauliza kana kwamba Injili ina jibu moja ambalo wewe unalikimbia, na mimi nikiisoma naona watu wanne wenye kazi moja walioitikiwa kwa njia nne.

Lile jibu la Yohana linakugusa kwa karibu mno, kwa maana biashara yako nayo ina "mlivyoamriwa" yake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa ajili ya kulisimamia hilo. Majirani zetu wa Kenya waliona kwamba hata kilo 100 ni nyingi mno kwa viazi, na katika kanuni zao za mwaka 2019 wakaweka gunia la kilo 50. Basi hatuzungumzii utakatifu wa juu unaowahusu wachache, bali kiwango cha chini ambacho kila mnunuzi anatakiwa kukifuata, awe Mkristo au asiwe.

Sasa nikuulize kuhusu maneno ya mkeo, maana naona umeyabeba kama hoja zisizojibika. "Hakuna mkulima niliyemlazimisha." Ni kweli kwamba hukumshikia mtu panga. Lakini kiazi kikishachimbwa hakina subira: kinapigwa jua kinageuka kijani, kinanyeshewa kinaoza, na shamba la yule mama halina ghala. Mwenye gari anaweza kuondoka na kurudi kesho. Mwenye viazi hawezi. Watu wawili wanapopatana bei, mmoja akiwa na siku nyingi na mwingine akiwa na saa chache, makubaliano yapo, lakini usiyaite huru bila kusita.

"Nikiacha mimi, atanunuliwa na mwingine vilevile." Hili nalo ni kweli, na safari yako ya nusu gari imelithibitisha. Hata hivyo linajibu swali ambalo hukuuliza. Wewe hukuuliza kama lumbesa itakwisha Njombe. Uliuliza habari za mikono yako na kikapu cha sadaka. Ushuru wa njia na wa forodha siku za Zakayo ulikodishwa kwa watu waliolipa kwanza na kujirudishia baadaye, kwa hiyo kila aliyekuwa juu alimkamua aliyekuwa chini, na kila mmoja angeweza kusema kwamba akiacha yeye nafasi itachukuliwa. Utaratibu ulikuwa mbovu kabla ya Zakayo, na haijaandikwa popote kwamba ulinyooka baada yake.

Tatu, na hapa mkeo ana haki yote: "wewe unatubu, sisi tunalala njaa." Usilichukue neno hili kama upinzani dhidi ya Injili. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, naye hakusema kwamba mwenye mnara anahesabu peke yake gizani na kumwarifu mkewe asubuhi. Mkeo ameishi ndani ya faida hii na atakuwa wa kwanza kulipia kuachwa kwake. Je, amewahi kuliona lile daftari? Naomba ufikirie kulifungua tena mezani kwenu, mkiwa wawili, na kuiendeleza hesabu pale ulipoiachia. Hatari yake ni kwamba anaweza kuona kiasi hicho na kuogopa zaidi. Lakini sasa anaogopa jambo ambalo hata hajalijua ukubwa wake.

Tuje kwenye biashara. Ukisema utaacha mara moja na kununua kwa mizani tu, dhamiri itapumua siku ya kwanza, na hatari zake unazijua kwa sababu umeshazionja. Naongeza moja ambayo hukuitaja: mizani peke yake haimwongezei mkulima hata shilingi. Ukigawanya bei ya gunia la zamani kwa kilo 135 na kumlipa kwa kilo, utakuwa umesema ukweli juu ya uzito huku mfuko wake ukibaki vilevile. Labda ndilo alilolihisi yule mkulima aliyekataa, si mjinga. Swali la uzito lina pacha wake, swali la bei, na ukilitatua moja bila jingine utashangaa kwa nini hakuna anayekushukuru.

Ukisema utapunguza kidogokidogo, debe nane ziwe saba na saba ziwe sita, marejesho ya benki yanaweza kustahimili, na pengine wakulima watakuzoea. Ila sheria haitambui dhambi inayopungua kwa awamu, na mtu mwenye awamu huwa na sababu nzuri ya kuongeza mwezi mmoja tena. Ukiichagua njia hii, mweleze mtu mwingine tarehe ya mwisho, mtu ambaye hana haya ya kukuuliza.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona haikupata nafasi mwezi uliopita, kwa sababu ulikwenda na mizani peke yako. Ulifika nayo kama mgeni, katika shamba la mtu anayemsikiliza dalali, bila mtu yeyote wa kuieleza kabla yako. Je, hapo kijijini hakuna kikundi cha wakulima, AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao), au hata wakulima watano wa usharika wenu wanaoweza kukusanya viazi mahali pamoja na kuvipima kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, wakakuuzia wewe kwa bei ya kilo mliyopatana mbele ya wote? Huko mjini unauza kwa kilo tayari, kwa hiyo mteja wako hatadai kilemba. Inaweza kushindikana. Vikundi vina magomvi yake, na mwenzako mwenye haraka atakuja na fedha taslimu na kuwavuta mmoja mmoja. Lakini jaribio lililoshindikana mara moja ni jaribio moja, na wewe ambaye ulianza kwa kukodi nafasi kwenye gari la mtu unajua hilo kuliko mimi.

Deni la nyuma ni gumu zaidi, na sitajifanya naliona kwa wepesi. Ile mara nne ya Zakayo haikutoka hewani. Katika Kutoka 22 mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Lakini katika Hesabu 5 mtu aliyeungama mwenyewe alirudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijipimia kwa sheria ya mwizi aliyekamatwa, ingawa hakuna aliyemkamata. Wafafanuzi wanabishana hata kama alikuwa anaahidi au anaeleza desturi yake, kwa sababu kitenzi cha Kigiriki ni cha wakati uliopo. Nami hufurahi kwamba Kiswahili chetu kimeuhifadhi ubishi huo kikamilifu, kwani "nawapa" na "namrudishia" vinaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Vyovyote iwavyo, hakuna mahali ambapo Yesu anampigia hesabu. Tena liangalie neno ambalo wengi hulipita haraka: "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako" lilisemwa Zakayo akiwa bado juu ya mti, kabla ya ahadi yoyote. Mgeni alijialika kwanza, marejesho yakaja baadaye. Wewe unaandika kana kwamba mlango utafunguliwa ukimaliza kulipa.

Wasiojulikana na waliokufa sheria ya Hesabu iliwafikiria pia: asipokuwapo ndugu wa kupokea, malipo yalikwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Hapa nakuomba uwe mwangalifu na mabati yako. Inawezekana kabisa kwamba moyo wako umekuwa ukilipa kanisani kile kinachodaiwa shambani, na kanisa likakupigia vigelegele kwa kulipwa deni la mtu mwingine. Yule mjane hakufa wala hakuhama. Mnatoka mlango mmoja kila Jumapili. Katika Mathayo 5 mtu aliyekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane. Wewe hukuhitaji hata kukumbuka. Ulikumbushwa mlangoni, kwa kicheko.

Je, uanze naye? Ina uzuri wake: unamjua, mnaaminiana kiasi cha kutaniana, na pengine mnaweza kukadiria pamoja magunia ya miaka michache. Ina hatari zake pia. Kijiji kikisikia, watakuja wengine, na baadhi hukuwahi kununua kwao. Ukimpa kama msaada kwa mjane, utakuwa umemnyang'anya mara ya pili, kwa kuwa haki yake itageuka kuwa sadaka yako na atalazimika kukushukuru. Kama utampa kitu, mwite shahidi mmoja, litamke neno deni, na umwache aseme mwenyewe kama anakubali. Anaweza kukataa. Anaweza pia kusema kwamba hataki fedha bali anataka debe sita mwaka ujao. Na kwa kuwa lumbesa ni kosa kisheria, pata maelezo ya mwanasheria kabla ya kuandika maungamo yoyote kwenye karatasi.

Kuhusu usharika, sioni haja ya kuchagua leo kati ya kuungama mbele ya wote na kuondoka kimyakimya. Njia zote mbili zinaweza kuwa za kujificha. Ungamo la mbele ya watu huweza kugeuka kuwa mnada mwingine ambao unaushinda wewe, tena litawataja bila kuwataja wazee wengine wanaonunua kama wewe, na mke na watoto watatazamwa shuleni na kisimani kwa jambo ambalo hawakulisema. Kuondoka kimyakimya kutazaa uvumi, na uvumi hautaisaidia kweli. Katika mapokeo ya Kilutheri, kama ndiyo yenu, maungamo ya faragha mbele ya mchungaji yapo. Luther aliyaweka hata katika Katekisimu Ndogo. Mchungaji wako anafungwa na siri hiyo, anakujua, na anaweza kukusaidia kuamua kama upumzike kwenye kamati ya ujenzi wakati unatengeneza mambo yako. Ukishaonana naye ndipo swali la kikapu litapata mtu wa kulizungumza nawe uso kwa uso, jambo ambalo karatasi hii haiwezi.

Kuhusu mikono kunuka viazi, nikwambie jambo dogo ambalo si la teolojia. Mama yangu alilima viazi, na mikono yake ilinuka hivyo maisha yake yote. Sijawahi kuisikia harufu hiyo kama aibu. Pengine ikikujia tena unapopokea sadaka, usiipanguse haraka. Iache ikukumbushe waliovichimba.

Msalimie mkeo, na umwambie kwamba maneno yake nimeyasoma kwa heshima. Kama mtakubaliana umtembelee yule mama, usiende na Fuso. Nenda kwa miguu, jioni akiwa amerudi shambani, ukae pale atakapokuonyesha, na umwache aongee kwanza.

Nasubiri barua yako ya pili.

Mama Mshauri